Kapsula Iliyokaza Si Mwili Uliokataa

Mwanamke aliyewekewa silikoni miaka tisa iliyopita anaanza kuhisi kwamba titi moja limekuwa gumu kama chungwa bichi, limepanda juu kuliko la pili, na usiku hawezi tena kulilalia. Akieleza hali yake, saluni na hata redioni hupewa jibu lilelile: mwili umekataa. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, ilhali kilichompata kina jina lake, nalo ni kukaza kwa kapsula.

Kapsula ni kifuko chembamba cha kovu ambacho mwili hukiunda kuzunguka kitu kigeni usichoweza kukiyeyusha wala kukitoa. Kifuko hicho kikinywea, hubana silikoni iliyomo. Titi huwa gumu, hupoteza umbo na huuma.

Neno hili asili yake ni Kilatini, *capsula*, yaani kisanduku kidogo, na ndilo lililotupatia pia kapsuli tunazomeza. Kisanduku hakimfukuzi mgeni, humfungia ndani. Hata hivyo, kosa letu halikuanzia hapo, bali katika kitenzi tulichokichagua kwa upasuaji huu: kupandikiza. Mkulima wa mpunga huing'oa miche kitaluni, akaichomeka katika tope la jaruba, nayo baada ya siku chache hushika mizizi. Huko ndiko kupandikiza. Figo nayo hupandikizwa kwa haki, kwa kuwa ni nyama hai inayounganishwa na mishipa ya damu, na kinga ya mwili inaweza kuzitambua chembe zake kuwa za mtu mwingine na kuzishambulia, ndiyo maana aliyepewa figo hutumia dawa za kushusha kinga. Huko ndiko kukataa. Mfuko wa silikoni hauna chembe hai, hauungwi na mshipa wowote wala haushiki mizizi. Huwekwa tu. Watu wa mtaani wanaosema "kuweka silikoni" wako sahihi kuliko wanaoandika "kupandikiza matiti".

Isitoshe, kapsula yenyewe si ugonjwa. Kila aliyewekewa silikoni anayo, kama alivyo nayo mwenye betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua, au aliyesahau kigae cha chupa kisiginoni tangu utotoni. Kinachoumiza ni kukaza, na hilo huchochewa na bakteria wachache waliosalia juu ya mfuko, damu iliyovuja baada ya upasuaji, au mionzi kwa waliotibiwa saratani ya titi. Madaktari hupima kukaza huko kwa madaraja manne yaliyopewa jina la daktari Baker: la kwanza titi ni laini, la pili ni gumu kidogo lakini umbo lake halijabadilika, la tatu umbo limeharibika, na la nne kuna maumivu.

Mifuko ya kwanza ya silikoni iliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Katika miaka iliyofuata wako madaktari waliolitibu titi lililokaza kwa kulikamua kwa mikono miwili mpaka kovu lipasuke, na mara nyingine ulipasuka mfuko wenyewe. Njia hiyo imeachwa. Leo kovu hukatwa au huondolewa kwa upasuaji.

Neno "kukataa" lina madhara, kwa sababu humfanya mtu aamini kwamba miaka kadhaa ikipita salama, mwili umeshakubali na hakuna tena la kuangalia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inasema wazi kwamba mifuko hii si ya maisha, na inashauri wenye silikoni wapimwe kwa MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, au ultrasaundi miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila miaka miwili hadi mitatu, kwa kuwa mfuko unaweza kupasuka kimyakimya na kapsula ikaizuia silikoni isionekane. Titi likivimba maji ghafla baada ya miaka mingi, hilo ni jambo jingine na lichunguzwe upesi, maana ipo saratani adimu ya limfu inayoanzia katika kapsula hiyohiyo, hasa kwa waliowekewa mifuko yenye uso wa kukwaruza.

Kwa hiyo dada akikueleza kwamba mwili wake umekataa, mwambie taratibu kwamba mwili wake haujakataa kitu, huenda ni kapsula iliyokaza, na amuulize daktari imefika daraja la ngapi.