Andiko la Rosenhan na faili lililofichwa

Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili hapa Mwanza na kuna andiko moja tulisomeshwa chuo kama ukweli mtupu, nikilikumbuka leo bado naona hasira. Ni la David Rosenhan, mwanasaikolojia wa Marekani, lilitoka kwenye jarida la Science Januari 1973. Alisema watu 8 wazima, yeye akiwemo, walienda hospitali 12 wakadai wanasikia sauti tu, zinasema maneno mawili matatu yasiyo na maana, basi, wakalazwa wote, wastani siku 19 na mmoja akakaa 52. Yaani daktari wa akili hajui mzima ni nani mgonjwa ni nani. Unalisoma hilo ukiwa mwanafunzi, unaanza kuidharau kazi kabla hujaishika.

Kumbe bwana! Mwaka 2019 mwandishi wa habari Susannah Cahalan akatoa kitabu baada ya kulipata faili la hospitali la Rosenhan mwenyewe, la alipojifanya mgonjwa. Mle ndani daktari kaandika kwamba huyo mgonjwa, yaani Rosenhan, anasema sauti zinamsumbua kwa miezi, anajikinga masikio kwa vyombo vya shaba, na ameshawaza bora afe. Sasa mtu akikaa mbele yangu usiku wa zamu akaniambia hayo nimrudishe nyumbani? Namlaza, tena natafuta ndugu wa kukaa naye. Yule daktari alifanya kazi yake sawasawa kabisa, halafu amechekwa miaka karibu hamsini.

Na haya mambo hayakubaki Marekani. Juzi kuna mama anauza dagaa pale mwaloni Kirumba kamleta kijana wake, hali chakula wiki nzima, anaongea na ukuta, wameshazunguka kwa waganga mpaka hela ya mtaji imekata, na kilichomchelewesha ni majirani kumwambia hao wa hospitali wanabahatisha tu watakuharibia mtoto. Hawajasoma Science, ila maneno ni yale yale.

Kinachonikera zaidi ni Harry Lando. Naye alikuwa kwenye jaribio hilo la Rosenhan, alijifanya mgonjwa akalazwa, ila yeye alitoka anasema wodi ilikuwa nzuri na watu wanasaidiwa. Rosenhan akamtoa kwenye hesabu, akamtaja kwenye tanbihi tu, eti kwa sababu alidanganya baadhi ya maelezo yake alipojieleza hospitali, wakati yeye mwenyewe kadanganya makubwa kuliko hayo na akajihesabu.