Kabla ya kuchagua zana ya bekapu, anza na siku ya kurudisha

Simu ninazopokea mara nyingi huanza hivi: "Fundi, bekapu ninayo, ila picha sizioni." Nikifungua mashine nakuta kweli kuna kitu kimewashwa, na mara nyingi kitu hicho ni System Restore ya Windows. Mwenye kompyuta aliwahi kuona ujumbe kwamba pointi ya kurejesha imetengenezwa, akatulia. Sasa folda ya picha imefutika, ameirudisha mashine wiki moja nyuma, mashine imerudi kweli, picha hazimo. Hazikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

System Restore ilianza na Windows Me mwaka 2000, na kazi yake ni kutunza hali ya mfumo: rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa), faili za Windows, programu zilizosakinishwa. Nyaraka zako haizigusi, tena kwa makusudi. Ukirudisha kompyuta ilivyokuwa Jumatatu kwa sababu draiva mpya ya kadi ya michoro imeivuruga, hutaki barua uliyoandika Alhamisi ipotee nayo. Kwa kazi hiyo ni zana nzuri, na huwa naangalia kama imewashwa, maana kompyuta nyingi huja ikiwa imezimwa. Shida huanza pale inapobebeshwa mzigo usio wake.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "programu gani ya bekapu ni bora?" namrudishia swali: likikufika sasa hivi, unataka urudishiwe nini? Anayetaka kuondoa sasisho lililoharibu sauti ya kompyuta ana haja moja. Aliyefuta ripoti kwa bahati mbaya ana nyingine. Aliyeamka akakuta diski imekufa ana ya tatu, na wa tatu huyu hana pa kusimama kama "bekapu" yake ilikuwa ndani ya diski ileile.

Hapo ndipo snapshoti zinapowaponza watu. Snapshoti haifanyi nakala kamili. Ni alama inayouambia mfumo wa faili, yaani utaratibu unaopanga data kwenye diski, kwamba vipande vilivyopo sasa visiguswe, na mabadiliko yaandikwe kando. Hutengenezwa kwa sekunde chache, hula nafasi ndogo mwanzoni, na kurudi nyuma ni haraka mno. Lakini vipande vyenyewe ni vilevile, kwenye diski ileile. Diski ikifa, leo na jana vinakufa pamoja. Zaidi ya hapo, virusi vya kufunga faili na kudai fidia vinajua zilipo: WannaCry iliyosambaa Mei 2017 iliamuru Windows ifute snapshoti zake zote, kimya kimya, ili mwathirika asipate njia ya kurudi.

Wa Linux wana bahati kidogo, kwa sababu Timeshift, programu yao ya snapshoti, haifichi mipaka yake. Inatunza mfumo, na folda ya nyumbani ya mtumiaji haiingizwi mpaka uiruhusu mwenyewe. Ina njia mbili. Kwa rsync, zana ya kunakili faili, kinachoitwa snapshoti ni nakala halisi: ya kwanza hunakili kila kitu, kisha zinazofuata huongeza kilichobadilika tu. Faili isiyobadilika huhifadhiwa mara moja na snapshoti zote huielekeza hiyohiyo. Njia hii inaweza kuandika kwenye diski nyingine, mradi diski hiyo ina mfumo wa faili wa Linux. Kwa Btrfs, mfumo wa faili wenye snapshoti zake mwenyewe, mambo ni ya papo kwa papo, ila kila kitu kinabaki kwenye diski ya mfumo, na Timeshift inataka mpangilio wa Ubuntu, yaani sehemu zinazoitwa @ na @home. Kama ulijigawia diski kwa namna yako, itakugomea. Mimi kwenye Linux natumia Timeshift kabla ya kila sasisho kubwa na sijawahi kuijutia, lakini siiiti bekapu hata kwa utani.

Kuna jamii nyingine ya programu ambayo wateja huniletea kwa shauku: zile zinazoahidi kurudisha kompyuta nzima, nyaraka na vyote, kila inapowashwa upya. Deep Freeze ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa maabara ya kompyuta ya shule au mashine inayotumiwa na kila mpita njia, haina mpinzani. Nyumbani ni mtego. Usipotenga eneo lisilogandishwa, yaani lisilorudishwa nyuma, kila ulichohifadhi leo kinayeyuka ukizima na kuwasha. Niliwahi kuitwa na mtu aliyeandika sura mbili za tasnifu kwenye mashine aliyonunua kutoka maabara iliyofungwa, bila kujua kilichokuwamo. Programu ilifanya kazi yake sawasawa.

Kwa upande wa faili, Windows imekuwa na File History tangu Windows 8 ya 2012. Iunganishe na diski ya nje na itanakili matoleo ya faili zako kila saa isipopangwa vingine. Inachukua Desktop, Documents, Pictures na ndugu zake. Ile folda uliyojitengenezea moja kwa moja kwenye diski C au D haichukuliwi mpaka uiingize kwenye maktaba za Windows, na huko ndiko ninakokuta faili za uhasibu za watu wengi. Angalia zako ziko wapi kabla hujaiamini.

Time Machine ya Mac, iliyokuja na Leopard mwaka 2007, ndiyo ninayoipendekeza bila maneno mengi kwa mwenye Mac. Hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake, na diski ikijaa huanza kufuta za zamani. Ina jambo moja linalopotosha: diski ya nje ikichomolewa, Mac huendelea kuweka snapshoti zake ndani, kila moja ikikaa takriban siku moja. Mtu akifungua Time Machine anaona alama za saa mbili zilizopita na kudhani mambo yanaenda, kumbe diski ya nje imelala kabatini tangu likizo.

Kuhusu OneDrive, Google Drive na Dropbox sitasema mengi. Kazi yake kuu ni kusawazisha. Ukifuta huku, kule pia kunafutika, na unabaki unategemea pipa la takataka ambalo kwa akaunti binafsi kwa kawaida hushika kama siku 30. OneDrive ya bure ni GB 5, picha za simu pekee huimaliza. Na anayetaka kupeleka kila kitu mtandaoni apige hesabu kwanza: GB 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 89, yaani siku tatu na zaidi ya nusu bila kukatika. Mzigo huohuo kwenda diski ya nje ya USB 3, inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, ni kama dakika 35. Kurudisha nako kunafuata kasi hizohizo, na siku hiyo huwa una haraka.

Imeji ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo kama kilivyo, ndiyo jibu la diski iliyokufa. Windows, programu, mipangilio na leseni vinarudi kama vilivyokuwa, bila wikiendi nzima ya kusakinisha upya. Clonezilla ni ya bure, huwashwa kutoka flashi, na sura yake ni ya kizamani, usiiogope. Jua tu kwamba isipobadilishwa mipangilio inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa kuliko hiyo. Ukihama kutoka diski kuu ya terabaiti moja kwenda SSD ya GB 512, itakukatalia hata kama ulitumia GB 90 tu. Kwa wasiotaka skrini ya maandishi, Veeam Agent ina toleo la bure la Windows. Wengi walikuwa na Macrium Reflect ya bure mpaka ilipofikia mwisho wake mwanzoni mwa 2024. Tangu hapo swali langu kwa kila zana ni hili: mtengenezaji akifunga mlango, nakala zangu nitazifungua kwa nini?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye restic kwa faili zangu mwenyewe. Ni programu huria, husimba kila kitu (hukifunga kisisomeke bila nywila), na kipande cha data kinachojirudia hukihifadhi mara moja tu, kwa hiyo matoleo hamsini ya folda moja hayali nafasi ya folda hamsini. Inaendeshwa kwa kuandika amri. Asiyependa amri ajaribu Kopia, ambayo ina dirisha la kubofya. Zote mbili zina masharti ya kisu: ukisahau nywila, hakuna wa kumlilia.

Mwaka 2018 Windows 10 toleo la 1809 lilitoka mapema Oktoba, na baada ya siku chache Microsoft ikalisimamisha kwa sababu kwenye baadhi ya kompyuta lilikuwa linafuta nyaraka za watumiaji. Aliyekuwa na System Restore tu alirudisha mfumo safi kabisa usio na nyaraka. Aliyekuwa na nakala za faili kwenye diski iliyochomolewa alikunywa chai akaendelea. Nasisitiza iliyochomolewa. Diski ya bekapu inayoshinda imechomekwa, virusi vya fidia vinaiona ni herufi nyingine tu kwenye orodha.

Sasa, kujaribu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya mtandaoni ya kutunza msimbo wa programu, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walikuwa na njia tano za kunakili data, na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ya kutegemewa. Nakala za kila siku zilikuwa zinashindwa kwa kutolingana kwa matoleo ya programu, na barua pepe za kutoa onyo zilikuwa zinakataliwa, hivyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Hao ni watu ambao seva ndiyo kazi yao. Wewe na mimi tunaotazama alama ya kijani kwenye kona ya skrini tuna sababu gani ya kuiamini?

Kwa hiyo mteja wangu haondoki kabla hatujafanya mambo mawili. Kwanza tunarudisha folda moja kwenye mahali papya, siyo juu ya ile ya zamani, na kufungua faili tatu au nne, kubwa na ndogo. Pili tunaizima kompyuta na kuiwasha kwa flashi ya uokoaji, ile yenye programu ya kurudishia, kisha tunaangalia kama inaona diski zote mbili, ya ndani na ya nje. Mara kadhaa flashi imewaka vizuri kabisa lakini diski ya ndani haionekani kwa kukosa draiva. Jambo hilo ukiligundua kompyuta ikiwa nzima, unaongeza draiva kwa dakika kumi. Ukiligundua ikiwa imekufa, unaanza kuazima kompyuta ya jirani.

Jaribio hilo la pili ndilo pia linalofichua BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 husimba diski zenyewe tangu siku ya kwanza, mwenyewe hana habari. Ukiwasha kwa njia isiyo ya kawaida, au ukibadilisha ubao mama, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida unapatikana kwenye akaunti ya Microsoft, kama bado unaikumbuka nywila ya akaunti hiyo. Mteja mmoja alinihakikishia kwamba wake ameutunza vizuri sana. Nikamuuliza wapi. Akanionyesha diski niliyokuwa nimeishika mkononi, iliyofungwa: "Humo, kwenye Documents."