Mwandishi wa kiufundi hapambi maneno: dhana potofu kuhusu kazi yetu

Dhana: Kazi hii ni kuandika vijitabu vya maelekezo vinavyowekwa ndani ya boksi la televisheni.

Vijitabu hivyo bado vipo, lakini kazi yetu ni kueleza kwa maandishi jinsi bidhaa au mfumo unavyotumika, na sehemu kubwa yake imehamia kwenye skrini. Anayebonyeza *334# kufungua menyu ya M-Pesa kwenye simu ya vibonye anasoma maandishi ya kiufundi. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani menyu hizo za simu zisizohitaji intaneti, hauzidi herufi 182, na ndani yake mtu lazima aelewe anamtumia nani pesa, kiasi gani, na akikosea afanye nini. Kwangu, huo ni mtihani mkubwa kuliko kujaza kurasa 50.

Dhana: Aliyeunda mfumo ndiye anayefaa kuueleza.

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi Nairobi. Aliyeunda mfumo anaujua mno, hata hakumbuki mgeni anakwama wapi. Tazama malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API (kiunganishi cha programu na programu) ya Safaricom. Duka la mtandaoni linatuma ombi, simu ya mteja inamtaka aweke PIN. Wengi hudhani majibu ni mawili tu, amelipa au hajalipa. Kumbe mteja anaweza kughairi, mfumo ukarudisha namba 1032. Salio linaweza kuwa halitoshi. Jibu linaweza kuchelewa njiani. Nyaraka zikieleza tu mambo yanavyokwenda yakinyooka, msanidi programu ataunda duka linalomwambia mteja "jaribu tena" ilhali pesa zake zimeshakatwa.

Mwandishi mzuri huuliza mapema: mtandao ukikatika hapa katikati, je? Mara nyingi swali hilo hufichua kasoro ya mfumo wenyewe. Ndiyo maana nasisitiza mwandishi aitwe wakati bidhaa bado inachorwa, asisubiri wiki ya uzinduzi.

Dhana: Kinachohitajika ni Kiingereza safi.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba anayechukua mkopo kwa simu ana haki ya kuyaelewa masharti kabla ya kuyakubali. Tafsiri ikiachwa hadi mwisho, maneno ya Kiswahili hukatwakatwa ili yaenee kwenye vitufe vilivyopimwa kwa Kiingereza.

Dhana: Fani inakufa, na akili unde (AI) itaizika.

Ni kweli kwamba Society for Technical Communication, chama cha waandishi wa kiufundi cha Marekani, iliyoanzishwa 1953, ilifungwa Januari 2025 kwa sababu ya matatizo ya fedha. Kilichofungwa ni chama. Kazi imesambaa chini ya majina mengine: mbunifu wa maudhui, mwandishi wa nyaraka za API, msimamizi wa maarifa. Akili unde huandaa rasimu upesi, lakini programu ya akili unde inayojibu maswali ya wateja hutegemea nyaraka ilizopewa. Zikiwa zimepitwa na wakati, itamtajia mteja ada ya zamani bila kusita. Lazima awepo mtu anayezihakiki.

Dhana: Bila shahada ya kompyuta huwezi kuingia.

Unaweza. Chukua programu huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuiboresha, kwa mfano Ushahidi, ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliyozaliwa hapa Kenya mwaka 2008. Fuata mwongozo wake wa usakinishaji hatua kwa hatua, andika kila mahali ulipokwama, kisha watumie wasimamizi wake marekebisho yako.