Tairi Husomwa Ubavuni: Dhana Potofu Kuhusu Matairi ya Magari ya Spoti Jijini Mwanza

Magari ya spoti yanayoonekana Mwanza, kuanzia Subaru Impreza WRX na STI hadi Toyota Altezza, mengi yamefika hapa yakiwa yameshatumika Japani, na mmiliki hukutana na suala la matairi mapema kuliko alivyotarajia. Suala hilo humalizwa kwa haraka mno. Mnunuzi hutazama uso wa tairi, yaani upana wake na kashata zilizobaki (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara), huvutiwa na weusi wake baada ya kupakwa dawa ya kung'arisha, kisha huulizia bei. Maelezo yanayoonyesha kama tairi hilo linalifaa gari lake yameandikwa ubavuni, na dhana nyingi zinazozunguka vijiweni na gereji, Nyakato hadi Nyegezi, zimetokana na kutousoma ubavu huo.

"Tairi la mtumba la Kijapani ni bora kuliko jipya la Kichina"

Dhana hii ina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana haifi. Ni kweli kwamba Bridgestone Potenza au Yokohama Advan, likiwa jipya, hushika barabara vizuri kuliko matairi mengi ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba tairi la mtumba si jipya, na mpira huzeeka hata ukiwa umehifadhiwa stoo. Jua, joto na oksijeni huukausha taratibu, ukawa mgumu kama kandambili iliyosahauliwa juani, na kashata zinaweza kubaki na kina kizuri huku uwezo wa kushika lami ukiwa umeshapungua sana.

Umri wa tairi haufichwi. Baada ya herufi DOT kuna mfuatano wa alama unaoishia na tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 3517 zinamaanisha kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani ikiwa tairi limeshafungwa kwenye rimu, kwa hiyo mnunuzi makini huchuchumaa na kumulika kwa tochi ya simu kabla ya kutoa hela. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Kwa gari lenye nguvu linaloishi kwenye jua la Kanda ya Ziwa, mimi nisingesubiri miaka 10 hiyo.

Wapenzi wa magari wanakumbuka ajali iliyomuua mwigizaji Paul Walker huko California tarehe 30 Novemba 2013, akiwa abiria katika Porsche Carrera GT. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendo uliopita kiasi, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa, lakini walieleza pia kwamba matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka 9 na kwamba huenda umri huo ulichangia gari kushindwa kudhibitiwa. Hilo lilikuwa gari la thamani kubwa, lililotunzwa na watu wanaoyajua magari.

Mtumba una hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni tairi la theluji. Japani kuna mikoa yenye baridi kali, na magari ya huko huvalishwa matairi yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni, ambayo mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha. Lami ya Mwanza mchana huwa ya moto, na mpira huo hulegea, huisha upesi, na kwenye kona au breki kali gari hujisikia kama linaelea. Mengi ya matairi hayo yana herufi ya mwendo Q, yaani kikomo cha kilomita 160 kwa saa, wakati gari lenyewe lilitoka kiwandani na herufi V au W, za mwendo mkubwa zaidi. Mtu hununua gari, hukuta matairi yenye kashata nene zilizokatwakatwa kwa mistari midogo kama mawimbi, na hujipongeza kwamba amepata gari lenye matairi mazuri.

Kuhusu kuchonga kashata mpya kwa kisu kwenye tairi lililokwisha, jibu ni fupi: tairi la gari dogo halichongwi. Matairi yanayoruhusu kazi hiyo ni yale ya malori na mabasi yaliyoandikwa REGROOVABLE, kwa sababu yametengenezwa yakiwa na mpira wa ziada chini ya kashata. La gari dogo likichongwa, kisu hukaribia nyuzi za chuma zinazolishikilia.

"Likiwa pana zaidi, litashika zaidi"

Kwenye lami kavu na safi, tairi pana lenye mpira mzuri linaweza kuleta faida. Mwanza haina lami ya namna hiyo mwaka mzima. Mvua za Oktoba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei, hushusha maji na mchanga kutoka kwenye vilima vya mawe hadi barabarani, na tairi pana linapaswa kusukuma maji mengi zaidi pembeni ili liguse lami. Likishindwa, gari hupanda juu ya maji na usukani huwa mwepesi ghafla. Kashata zikiwa zimeisha, hali hiyo hutokea katika mwendo mdogo zaidi, na hata ukubwa wa injini hausaidii chochote. Alama ndogo za mpira zilizojificha ndani ya mifereji ya tairi zina kimo cha milimita 1.6, ambacho katika nchi nyingi ndicho kikomo cha kisheria cha kina cha kashata. Kwa mvua za ziwani, kufikiria kubadilisha tairi likibaki na milimita 3 si woga.

Upana pia hauwezi kutenganishwa na namba zinazofuata. Chukua 225/45R17, saizi inayojulikana sana kwa wenye Impreza STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi, na rimu ni ya inchi 17. Kipenyo cha tairi zima hufika takriban milimita 634. Muuzaji asiyekuwa na saizi hiyo akikupa 225/55R17 kwa maelezo kwamba "ni ileile, tofauti ndogo tu", kipenyo hupanda hadi milimita 679, zaidi kwa asilimia 7. Tairi litasugua fenda, spidomita itasoma chini ya mwendo halisi, na gari litakuwa zito kuondoka.

Hesabu hiyohiyo inaweza kumsaidia mtu. Tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha milimita 632, karibu sawa na lile la kwanza, lakini ubavu wake ni milimita 113. Milimita 12 za mpira wa ziada zinaonekana chache hadi siku utakapoingia shimoni usiku na rimu ikatoka salama. Mwenye WRX ya kawaida anayepita kila siku kwenye matuta na njia za mawe anaweza kushuka hadi rimu ya 16 bila aibu. Mwenye STI yenye breki za Brembo hana bahati hiyo, kwa kuwa rimu nyingi za inchi 16 hazipiti juu ya kaliper zake kubwa, yaani vibanio vya breki. Kinachonishangaza ni kwamba wengi huhangaika kupanda kwenda 18 na 19, kisha hulalamika kwamba rimu zimepinda.

"Siendeshi zaidi ya 100, herufi ya mwendo hainihusu"

Baada ya saizi huja namba na herufi, mfano 91W. Namba 91 ni mzigo: tairi moja linaweza kubeba kilo 615. Herufi ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Ni kweli kwamba sheria inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi na hakuna anayehitaji 270 kwenda Kisesa. Hata hivyo herufi hiyo hupatikana kwa tairi kujengwa liweze kuhimili joto, na joto hilo huletwa pia na breki za mara kwa mara, kona za haraka na mzigo wa abiria wanne katika safari ndefu ya kwenda Shinyanga saa nane mchana. Tairi la herufi ya chini pia mara nyingi huwa na ubavu laini zaidi, na gari lililosetiwa kwa tairi gumu hupoteza wepesi wa kuitikia usukani, ambao ndio uliomfanya mmiliki alinunue gari hilo.

"Mapya mawili yafungwe mbele"

Wengi huamini hivyo kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari. Ushauri wa watengenezaji wa matairi ni kinyume chake: mapya yakae nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mbele pakiteleza kwenye maji, dereva huhisi usukani na hupunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari huzunguka kabla hajajua kinachotokea. Kwa Altezza, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kosa hili huonekana kwenye kipilefti cha kwanza chenye maji.

Kwa Subaru, swali la mbele au nyuma ni dogo kuliko swali la mawili au manne. Magurudumu yote huendeshwa, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi vizuri ikiwa mzingo wa matairi, yaani urefu wa duara lake, umelingana. Subaru hushauri mizingo isipishane kwa zaidi ya robo ya inchi, kama milimita 6. Kila milimita 1 ya kashata iliyoisha hupunguza mzingo kwa milimita 6.3, kwa hiyo tairi jipya lenye kashata za milimita 8 likifungwa pamoja na lenye za milimita 4, tofauti ni milimita 25. Difu hiyo itakuwa inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, itapata moto, na gharama ya kuirekebisha inaweza kuzidi ile ya matairi mawili yaliyookolewa.

"Punguza upepo, litashika zaidi"

Ushauri huu unatoka kwa madereva wa mchangani na unawafaa wao. Kwenye lami, tairi lenye upepo mdogo hukunjwa ubavuni kila linapozunguka, hupata joto na linaweza kupasuka. Kosa la upande wa pili ni kujaza hadi namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, ambayo ni kikomo cha tairi na si kipimo cha gari. Hapa peke yake ubavu haupaswi kufuatwa. Kipimo cha gari kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa kPa (kilopaskali), ambapo 230 ni takriban 33 kwa PSI, kipimo cha geji nyingi, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Anayetoa upepo mchana kwa sababu geji imepanda hubaki na tairi tepetepe usiku. Naitrojeni nayo haina muujiza, kwa kuwa hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Fundi akimaliza kufunga, tazama maandishi mawili kabla ya kushusha jeki: kama tairi lina mshale wa ROTATION, uelekee mbele, na kama lina neno OUTSIDE, lionekane nje. Tairi la mshale likifungwa kinyume, mifereji hukusanya maji badala ya kuyatoa. Kisha kilomita mia chache za kwanza ziendeshwe taratibu, kwa sababu tairi jipya hubaki na utelezi wa kiwandani juu ya mpira. Safari ya Musoma na kurudi, bila mashindano na mtu, inatosha kuuondoa.