Madalena hakufuma, alidarizi (na sindano zilikuwa 154)

Juzi tena. Mgeni kaingia karakana, kaona picha niliyobandika juu ya cherehani, kazi ya Madalena Santos Reinbolt wa Brazili, akasema aah, tapestri (kitambaa cha ukutani cha picha zilizofumwa) ya Kiafrika, unaona kabisa alivyofuma kumbukumbu za mababu bila hata kufundishwa. Nikamkaribisha chai. Ila moyoni nilikereka, kwa hiyo naandika ili siku nyingine nimtumie mtu linki halafu nirudi kwenye kofia zangu.

Hakufuma. Kufuma kuna mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi zinazozikatiza), picha inazaliwa pamoja na kitambaa. Yeye kachukua kitambaa cha gunia ambacho kishafumwa na wengine, akakidarizi kwa uzi wa sufu mpaka gunia lenyewe halionekani. Na nyie mtakaoniletea ile ya Bayeux, kazi ya karne ya 11 ya mji huo wa Ufaransa, ndiyo, inaitwa tapestri, ina karibu mita 70 na nayo ni darizi tupu, najua, ndo maana kuna siku najiona mjinga kupigania hili neno. Lakini mwenyewe aliziita quadros de lã, yaani picha za sufu. Mwenye kazi kashaipa jina, sisi tunahangaika na nini?

Sasa hiyo ya "bila kufundishwa". Kazaliwa 1919 Vitória da Conquista, Bahia ya ndani huko, maisha ya shamba, kazi za nyuzi akaziona kwa mama yake. Baadaye akahamia miji ya kusini, akaishia Petrópolis akipika nyumbani kwa msanifu Lota de Macedo Soares, alipokuwa akiishi pia mshairi Elizabeth Bishop. Alianza na rangi na brashi miaka ya 1950, sufu ikaja baadaye. Na alifanya kazi na sindano 154, kila moja na uzi wake.

Hebu kaa na hiyo namba kidogo. Mimi nilijaribu 30 tu, nikazichomeka kwenye kipande cha sponji la godoro nikajiona fundi. Nusu saa nyingi, nyuzi zimeshikana kama tambi za jana, natafuta kijani cha majani nashika kijani cha mgomba, jasho linanitoka. Ukiwa na sindano moja unamaliza kijani chote ndo unabadilisha uzi, kwa hiyo kazi inakuwa ya kujaza maeneo kama mtoto na kitabu cha kupaka rangi. Ukiwa na nyingi zimesubiri hapo, unapiga mishono miwili ya kijani, mmoja wa waridi, unarudi kwenye kijani ila sasa kilichokolea, rangi zinachanganyikia kwenye jicho la mtazamaji na wala sio kwenye uzi. Halafu mishono yake mingine mirefu, mingine mifupi, huu umelala huku ule umelala kule, mwanga ukipita unaona uso wote unacheza. Huyo ni mchoraji anayejua anachotaka. Anayesema ni kipaji cha damu tu aanze kwa kutia nyuzi hizo sindano 154, kutia tu, halafu tuongee.

Na hii ya kutafuta Afrika kama vile imefichwa! Eti bluu ni Iemanjá, nyekundu Xangô... Ni kweli kwenye Candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, orisha (miungu yao, kama hao wawili) wana rangi zao, lakini jamani mwanamke anaruhusiwa kutumia bluu kwa sababu mbingu ni bluu. Ukitaka Afrika kwenye kitanda cha mfumaji nenda Salvador, mji mkuu wa Bahia, ukaone kitambaa kinachoitwa pano da costa, au alaká kwa jina la Kiyoruba, vipande vyembamba vinafumwa halafu vinaunganishwa ubavu kwa ubavu, wanawake wa Candomblé wanajitanda begani. Ilê Axé Opô Afonjá, nyumba ya ibada maarufu kule, wana hadi nyumba ya kufumia, Casa do Alaká. Hapo mtande upo, mshindio upo, hukisii kitu.

Kwa Madalena mambo yako wazi mbele ya macho. Ni watu weusi, wako kwenye sherehe zao, mashambani, na wanyama wao na miti, wamejaa kitambaa chote, na aliyewaweka hapo ni mwanamke aliyeshinda jikoni kwa watu. Ingawa hapa nasita, maana mimi mwenyewe nikishasema "mpishi" naona nimeanza kumtungia hadithi ninayoitaka mimi, kama yule mgeni tu.

Alifariki 1977. MASP, makumbusho ya sanaa ya São Paulo, ikamfanyia maonyesho makubwa 2022, "Kichwa kilichojaa sayari", na 2025 akafika New York, kwenye American Folk Art Museum, makumbusho ya sanaa ya kienyeji. Yaani mpaka leo anaingilia mlango wa sanaa ya kienyeji. Haya.

Kinachoninyima usingizi mimi ni gunia. Juti, yaani nyuzi za gunia, haipendi mwanga, inakauka na kukatika, na sufu yote ile ni mzigo. Jaribio langu la sindano 30 nililisahau dirishani, jana nimekunja kona imemeguka kama biskuti. Sufu haina neno, hata rangi bado ipo.