Redio ya gari la zamani ikinyamaza, si lazima iwe imekufa

Kwenye gereji za Nakuru na Kisumu, redio asili ya Peugeot 404 au Beetle ikinyamaza, wengi huamini imekufa: vipuri havitengenezwi tena, basi ing'olewe. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa redio yenyewe kweli haitengenezwi tena. Lakini mara nyingi kilichoharibika ni kapasita za elektroliti, yaani vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vyenye majimaji ndani, ambazo hukauka kwa umri na joto, na hizo zingali zinauzwa madukani.

Anza na rahisi. Pima fyuzi kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Chomoa spika, gusisha nyaya zake kwenye betri ya volti 1.5, ikilia "kwa!", koili ya spika (waya uliozungushwa ndani yake) ni nzima. Usiwashe redio ya transista bila spika, kwani transista za kutoa sauti zaweza kuungua.

Kabla ya kuipa umeme, tazama ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi ya gari. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga upande chanya kwenye bodi, na kukosea hapo kwaweza kuua redio. Kisha pitisha umeme kwenye balbu ya indiketa, volti 12 wati 21, kabla haujafika redioni. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani. Zima mara moja.

Redio ikidundadunda kama injini ya mashua, au mlio ukipanda unapokanyaga mafuta, shuku kapasita kubwa ya kuchuja umeme. Weka mpya yenye maikrofaradi (kipimo cha kapasita) zilezile, volti sawa au zaidi, chanya kwa chanya.

Redio ikivuma tu bila stesheni, huenda ni ya AM pekee, ilhali stesheni nyingi sasa ziko FM.