Paa liliruka na mbao zake: tulichokiona baada ya upepo kijijini

Upepo ukiezua nyumba, watu wengi hukimbilia kutazama kuta. Mimi hutafuta kwanza paa limeangukia wapi, na limeanguka likiwa katika hali gani. Katika kijiji hiki cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ambako mtendaji wa kijiji aliniomba tuzunguke pamoja baada ya mvua za kwanza, jibu lilikuwa limelala kwenye shamba lililotayarishwa kwa ajili ya mtama, mbali kabisa na nyumba yenyewe. Mabati yalikuwa bado yamegongomewa kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazobeba bati, na papi bado zimeshikana na kipande cha kenchi, yaani fremu ya mbao inayoshikilia paa. Hakuna msumari wa bati uliokuwa umeng'oka.

Yaani bati halikushindwa, wala mbao. Kilichoachia ni pale mbao ya chini inapokalia ukuta. Nilikwea ngazi nikachungulia: juu ya tofali za kuchoma palikuwa na matundu ya misumari ya inchi nne, moja hapa, jingine mita nzima mbele yake, yote kwenye udongo wa kujengea. Nilitia kidole kwenye tundu, udongo ukamwagika kama unga. Msumari wa namna hiyo kazi yake ni kuzuia mbao isiteleze wakati fundi anapaua. Baada ya hapo paa linakaa kwa uzito wake tu.

Na uzito wenyewe ni mdogo mno. Bati la geji 30, lile jembamba la kawaida, halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 48 kwa eneo hilohilo, na unapopita juu ya paa haulikandamizi, unalivuta kwenda juu, hasa paa la mteremko mdogo. Mlango wa upande unakotoka upepo ukifunguka, hewa hujaa ndani na kusukuma kutokea chini. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60 inaweza kuvutwa kwa nguvu inayokaribia tani 3. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne.

"Mbona la jirani halikuguswa, mjukuu wangu?" aliniuliza mzee mmoja tuliyemkuta ameketi kwenye gogo akitusubiri. Nyumba ya jirani yake ni tembe, nyumba ya asili yenye paa bapa la udongo.

"Babu, lile limebeba udongo."

Akacheka. Hesabu yake ni rahisi: udongo wa unene wa sentimita 15 juu ya fito una uzito unaopita kilo 200 kwa mita ya mraba. Hakuna upepo wa Dodoma utakaounyanyua. Isitoshe, tembe la Wagogo ni fupi na halina upenu unaotokeza sana nje, kwa hiyo upepo hauna pa kushikia. Adui wa tembe ni maji. Tulipozunguka nyuma tulikuta mguu wa ukuta umelika, na fito mbili zimeanza kuinama. Mvua nyingine mbili tatu kubwa, lile paa zito litawaangukia waliomo. Mzee nilimwambia hivyohivyo, bila kuzunguka.

Wanakijiji wengi walisema kilichopita ni kisulisuli. Sidhani. Kisulisuli huacha miti imelalia pande tofauti, mingine imepishana. Hapa miarobaini ya uwanja wa shule yote ilielekea magharibi, ikiwa imetawanyika kidogo kwa kadiri tulivyosogea mbele, na nguzo za mizabibu nazo ziliinamia hukohuko. Huo ni upepo ulioshuka kutoka kwenye wingu la radi, ukagonga ardhi, ukasambaa. Mvua za kwanza, mwishoni mwa Novemba na Desemba, zina hatari hiyo kwa sababu hewa ya chini bado ni kavu. Matone mengi hukauka kabla ya kufika chini, hewa inapoa, inakuwa nzito na kuporomoka kwa kasi. Ndiyo maana mara nyingi tunapata vumbi na mabati yanayoruka kabla hata ardhi haijalowa.

Kitu kimoja kinanikera: mawe juu ya paa. Karibu kila nyumba ya bati ina mawe matano au sita pembezoni. Jumla yake labda ni kilo 60, dhidi ya tani kadhaa, na bati likinyanyuka jiwe hilo linamfuata aliye chini.

Mawe ni bure, najua. Lakini waya wa kufungia nondo nao si ghali ukilinganisha na bati moja jipya. Kwa anayejenga sasa, waya upite chini ya kozi (mistari) nne au tano za tofali kutoka juu, ncha zake zitokeze pande zote mbili za ukuta, kisha zizungushwe juu ya mbao na kusokotwa kwa koleo. Hapo ukuta wenyewe unakuwa uzito wa kushikilia paa. Mwenye uwezo apige mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha na milango, na afunge mbao humo. Kenchi nayo ifungwe kwenye mbao ya ukuta, isiachiwe msumari peke yake. Kwenye kingo za paa misumari ya bati iongezwe, maana huko ndiko upepo unakovuta zaidi. Aliyekwisha kuezeka atoboe ukuta pembeni ya kila kenchi, kozi ya tano kutoka juu, apitishe waya uleule.

Shuleni darasa moja lilikuwa limeachwa wazi, na kuta zake mbili za mwisho, zile zenye ncha ya pembetatu, zimesimama peke yake. Ukuta huo ulikuwa umeshikwa na paa. Bila paa hauna kitu. Mtendaji alitaka kusubiri wakaguzi wa wilaya waje wauone kwanza. Nikamwomba apige picha, apime, aandike, kisha ncha zote mbili zishushwe hadi usawa wa ukuta wa pembeni siku hiyohiyo. Fundi aliletwa kabla hatujamaliza kuzungumza.